Gauni la Kipimo

Sindano ilipoacha kufanya kazi, wa kwanza kulaumiwa alikuwa friji.

Friji yenyewe, maskini, haikuwa na kosa zaidi ya kelele. Lakini mfamasia alikuwa amemwonya Bonge kwamba dawa ile ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena ni ya kutupa. Basi siku alipoona mambo yamekwama, alikwenda jikoni, akafungua mlango wa friji, akaitazama kalamu ya kujidungia dawa jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekaa kimya kupita kiasi. Ilikuwa palepale rafu ya katikati, mbali na barafu, kama alivyoelekezwa. Hata hivyo akaihamisha, akasogeza maziwa, na akamwambia mumewe kwamba kuanzia leo atakayegusa kitufe cha baridi atakiona cha mtema kuni.

Jina la Bonge alipewa kabla hajaota meno, na aliishi nalo vizuri tu. Wateja walimwita hivyo, mume alimwita hivyo, na yeye mwenyewe akipokea simu alijitambulisha hivyo. Halikumuuma hata siku moja mpaka daktari alipolisema kwa lugha ya hospitali. Sukari imepanda, presha inaifuata nyuma, na mambo yakiendelea hivi, daktari alisema, tutaanza kuogopea macho. Bonge alikuwa fundi cherehani. Fundi asiyeona mshono wake mwenyewe amekwisha, na alilijua hilo bila kuelezwa mara mbili. Ndiyo maana alikubali kujidunga tumboni mara moja kwa wiki, yeye ambaye hata chanjo za utotoni alishikiliwa na watu wazima.

Na dawa ilifanya kazi, tena kwa bidii. Njaa iliyokuwa ikimwamsha kabla ya jogoo ilinyamaza. Sahani alizokuwa akizimaliza na kuuliza kama kuna nyingine, sasa aliziacha nusu na kuzitazama kwa mshangao, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyezipakua.

Shida ilikuwa mizani. Mwanzoni alipanda mizani kabla ya chai, akapanda baada ya chai, akavua hereni akapanda tena. Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyependa ugomvi wa asubuhi, aliibeba ile mizani akaipeleka shuleni na kusema maabara wameiazima. Daktari naye aliposikia alicheka, akamshauri asijitese na mizani kila siku, afadhali aangalie nguo zake zinavyomkaa. Angemwambia hivyo karani wa benki, lingekuwa shauri tu. Kumwambia fundi cherehani aangalie nguo zinavyokaa ni kumkabidhi sheria ya maisha.

Nguo za kila siku hazikufaa kwa kazi hiyo. Kwa miaka mingi Bonge alikuwa akivaa magauni mapana na sketi za lastiki kiunoni, na lastiki haisemi lolote. Ikitanuka inakubali, ikirudi inakubali. Kwa hiyo akatoa kabatini gauni moja la bluu alilojishonea mwaka alioolewa, lenye zipu mgongoni na bitana, kile kitambaa cha ndani, kuanzia begani hadi chini. Akalitundika nyuma ya pazia la wateja kujipimia nguo, pale kwenye chumba cha ushonaji alichokitumia na dada yake. Kila Jumamosi, wakishafunga mlango, Bonge aliingia nyuma ya pazia, akalivaa, na dada akamvutia zipu.

Wiki za kwanza zipu ilikwamia kiunoni. Kisha ikafika katikati ya mgongo. Kisha siku moja ikapanda yote, juu kabisa hadi shingoni, na Bonge akatoka nyuma ya pazia akicheza peke yake kati ya meza ya kukatia na cherehani. Dada alipiga makofi. Ni kweli alipiga makofi, lisije likasemwa jingine.

Huyo dada, mkubwa wake kwa miaka mingi, alikuwa mwembamba na mwenye maneno machache. Bonge ndiye aliyekata na kushona kwa mashine. Dada alimalizia kwa mkono, pindo, vifungo, bitana, vyote vinavyotaka subira. Mshono wake wa mkono ulikuwa hauonekani hata ukiusogeza dirishani. Wateja walimletea nguo zilizoungua na pasi, zilizoliwa na panya, wakazichukua zikiwa kama hazijawahi kupata ajali. Kazi hiyo walifundishwa na mama yao, na chumba chenyewe ni yeye aliyewaachia.

Baada ya ile Jumamosi ya kucheza, gauni liligoma. Si kwamba lilirudi nyuma, la. Zipu ilifungwa, lakini kwa kubana, pumzi juujuu, vilevile kama siku ile ilipopanda yote. Wiki iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Bonge aligeuka mbele ya kioo, akavuta tumbo, akaliachia, akapiga kitambaa kiganja pale kiunoni. Hakikulegea hata kidogo.

"Imegoma," alisema.

"Labda ndiyo saizi yako," dada alijibu, macho yake kwenye zipu.

Ndipo uchunguzi ulipoanza, na friji ikawa mshtakiwa wa kwanza. Alipoiondolea friji lawama, akaenda kwa mfamasia. Huyu alikuwa kijana mnadhifu mwenye kupenda kujibu kwa utaratibu. Aliikagua kalamu, akaangalia tarehe, akasoma namba za boksi kwenye kompyuta yake. Dawa ilikuwa halali. Akamuuliza anavyojidunga. Bonge akaonyesha kwa kidole juu ya blauzi.

"Unabonyeza halafu unachomoa hapohapo?"

"Nikae nayo ya nini? Si inauma."

"Subiri kidogo, mama, mpaka dawa iishe kuingia. Na usirudie palepale kila wiki. Leo kulia, wiki ijayo kushoto, nyingine pajani."

Bonge alirudi nyumbani amefurahi, akidhani ameshapata mchawi wake. Akajidunga pajani, akasubiri mpaka mumewe akamuuliza kama amelala. Jumamosi ikafika. Gauni likabana.

Akahamia kwenye chakula. Alijichunguza kama mpelelezi aliyekosa kazi. Labda ni vile vipande vya mkate anavyomalizia vya mumewe? Akaviacha. Labda ni sukari ya chai? Aliiacha zamani. Labda anaota anakula? Mumewe akasema huo sasa ni wazimu, na kwamba kwa macho yake yeye mkewe amepungua, tena sana.

"Wewe unataka amani tu," Bonge alimwambia.

"Nataka amani, ndiyo. Lakini umepungua."

Wateja nao waliimba wimbo huohuo. Bonge, umekwisha! Bonge, tutakuitaje sasa? Aliwapuuza wote. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye biashara ya kuwaambia watu wamependeza, na aliijua sauti ya mtu anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pete yake ya ndoa ilipoanza kuteleza, aliifunga uzi kwa ndani na kulaumu sabuni. Uso wake kwenye kioo uliponywea, akasema ni uchovu wa kushona sare za shule. Watu wote wanaweza kusema uongo, kioo kinaweza kuwa na wimbi, lakini gauni ni gauni, na alilishona mwenyewe.

Msimu wa sare ulikuwa umemkosesha hata siku yake ya kumwona daktari. Akaiahirisha. Na hapo katikati, kwa kuwa kalamu yake ilikuwa ya kuzungusha kichwa kuchagua kipimo, siku moja akazungusha kupita alama aliyoandikiwa. Hakumwambia mtu. Mwili umeizoea dawa, alijisemea, sasa unataka kusukumwa. Kichefuchefu kikaja, akakivumilia. Kizunguzungu kikaja, akakiita njaa, ingawa njaa ndiyo kitu alichokuwa hana kabisa. Nywele zikabaki kwenye kitana. Jumamosi gauni likabana, naye akaapa kwamba akipata nafasi kwa daktari ataomba dawa ile kubwa kuliko zote.

Siku moja mchana alikuwa akikata kitambaa cha sare, mkasi mkononi, meza ikaanza kumkimbia. Alipozinduka alikuwa sakafuni, kichwa kwenye mapaja ya dada yake, na dada alikuwa akimpepea kwa kipande cha karatasi ya kuchorea mitindo. Mkasi ulikuwa umeanguka karibu na mguu.

"Hiyo dawa iache," dada alisema.

"Niiache vipi na bado haijafanya kazi?"

Dada akamsaidia kuketi, akamletea maji, akarudi kwenye kiti chake akaendelea kutia vifungo.

Kwa daktari alipelekwa na mumewe, ambaye safari hii hakusikiliza habari ya sare. Muuguzi akampandisha kwenye mizani, akaandika, akamtazama, akamwomba ashuke na apande tena. Bonge alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alipoingia kwa daktari alianza yeye.

"Daktari, hii dawa imeacha kufanya kazi. Nataka ile kubwa."

Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alivuta faili lake. Alisoma karatasi, akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akamwambia kwamba dawa haijaacha kufanya kazi hata wiki moja. Sukari imeshuka vizuri, presha imetulia, na kama mambo yangesimama hapo angempa mkono. Lakini uzito umeporomoka kwa kasi asiyoipenda, na mwili sasa unakula nyama yake wenyewe.

"Mizani yenu mbovu," Bonge alisema.

"Na damu yako nayo ni mbovu? Shika mkono wangu. Bana. Bana kwa nguvu." Bonge akabana. "Hizo ndizo nguvu zako zote? Wewe, fundi? Umekuwa ukitumia kipimo gani?"

Bonge akatazama mlango. Mumewe akamtazama yeye. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, alivyozungusha kile kichwa cha kalamu. Daktari hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimweleza polepole kwamba wako watu wanaoletwa pale na machela kwa mchezo huo, na kwamba wiki hii hatajidunga chochote. Wakianza tena wataanza chini, na kalamu itakaa kwa mumewe.

"Ulijuaje kama haifanyi kazi?" daktari aliuliza mwisho. "Ulikuwa unapima kwa nini?"

"Kwa gauni."

Mumewe alimrudisha mpaka karibu na chumba cha ushonaji. Kisha akasema, kwa ile sauti ya ubaoni, kwamba mizani inasema hivi na gauni linasema vile, vyote viwili haviwezi kuwa kweli, na gauni ndilo halijakaguliwa. Bonge akashuka bila kumuaga.

Dada alikuwa ametoka kupeleka sare. Bonge alifunga mlango kwa ndani, akalishusha gauni la bluu, akalilaza juu ya meza na kuligeuza ndani nje. Bitana ilikuwa safi, imetulia. Akapitisha kidole gumba kwenye ubavu, polepole, kama alivyofanya kwa maelfu ya nguo za watu, ila hii hakuwahi kuifanyia hivyo. Chini ya bitana palikuwa na unene. Kitambaa kilichoachwa kando ya mshono kilikuwa kipana kuliko alivyokiacha yeye.

Akachukua kisu kidogo cha kufumulia. Uzi uliofunga bitana ulikuwa wa mkono, mdogo mno, na ilibidi ausogeze kwenye mwanga kuupata. Ulipokatika, bitana ikafunguka, na humo ndani mistari ya matundu ya sindano ilikuwa imepangana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiingia ndani zaidi. Wa kwanza kabisa, wa pembeni, ulikuwa wa mashine, wake mwenyewe. Iliyobaki ilikuwa ya mkono. Ubavu wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Gauni lilikuwa likimfuata nyuma, kila alipopungua nalo linapunguzwa.

Alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Kulikuwa na watu wawili tu wenye ufunguo wa chumba kile, na mmoja tu duniani mwenye mshono ule.

Dada aligonga, akafunguliwa, akaliona gauni limelala tumbo wazi mezani. Akaweka mkoba chini. Hakujaribu kujitetea kwa kuuliza ni nini.

"Nieleze," Bonge alisema.

"Nitasema nini, mdogo wangu."

"Sema tu! Nimeanguka hapa na mkasi mkononi, umenishika kichwa changu, na bado ulikuwa unajua! Nimejidunga kupita kipimo kwa sababu ya gauni hili. Nimekukosea nini mimi?"

Dada akakaa. Alisema akitazama mikono yake. Ilikuwa ile siku ya kucheza. Alikuwa akipiga makofi, kisha Bonge akainua mikono juu, na pale shingoni ukatokeza mfupa. Mfupa tu, wa kawaida, kila mtu anao. Lakini yeye alikuwa ameshauona mfupa ule mahali pengine.

"Mama alipoanza kuisha," dada alisema, "wewe ulikuwa na mtoto mchanga, mimi ndiye niliyekuwa namwosha na kumvisha. Kila wiki nguo zinampwaya. Nikaona akijiona hivi atakata tamaa. Basi akilala nachukua gauni lake napunguza ubavuni, asubuhi namvisha. Limemkaa. Anasema, afadhali, leo naona sijapungua. Mpaka mwisho, Bonge. Hata lile tulilomzikia nilikuwa nimelipunguza. Mama amekufa hajui."

Nje mtu alisukuma mlango, akaona umefungwa, akaenda zake.

"Sasa nilipouona ule mfupa, sikufikiri. Nilijikuta usiku nimefungua bitana. Baadaye nikajiambia, basi labda ni vizuri, akiona gauni limegoma atasema dawa ni ya uongo, ataiacha. Hukuiacha. Ulipoanguka nilitaka kufumua yote. Nikafungua, nikaona nikiachia utajua siku hiyohiyo kwamba nilikuwa nakuchezea. Nikaogopa. Nikarudishia."

Bonge alikuwa ameshika ubavu wa gauni kati ya kidole gumba na cha shahada, akiusugua mbele na nyuma bila kujua anafanya nini. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, na kitu kikamjia, kitu ambacho hakuwahi kukipa maana.

"Alijua," alisema.

"Nani?"

"Mama. Siku moja nilikuja na mtoto, wewe umetoka. Nikamkuta amekaa kitandani anasugua ubavu wa gauni, hivi, kwa kidole gumba. Nikamuuliza, mama, limekuchoma? Akasema, hapana, naangalia mkono wa dada yako. Akasema, umekuwa mzuri kuliko wangu. Halafu akaniambia, usimwambie kwamba nimeona. Mimi nilidhani anasema habari ya mshono tu, anaona aibu kumsifu mtu mbele yake."

Dada alimtazama kana kwamba hamfahamu.

"Dada, mama alikuwa fundi. Wewe unapunguza nguo ya fundi halafu unadhani hatajua? Alikuwa anajua kila asubuhi ulipomvisha. Alikuwa anasema hajapungua kwa ajili yako, upate kulala."

Huyu dada, ambaye msibani aligawa chai na kupanga viti bila tone la machozi hata watu wakamsema, aliinamisha paji la uso juu ya mashine ya Bonge akalia kwa sauti. Bonge alimwacha alie. Hakumkumbatia, hasira yake ilikuwa bado imesimama palepale na hakutaka kujidanganya kwamba imeondoka.

"Mama alijua," Bonge alimwambia dada alipotulia. "Mimi sikujua. Ungeniua, dada."

"Najua."

Bonge akavua gauni lake pana la kazini, akabaki na shimizi katikati ya chumba, mifupa yake ya shingo nje, mikono ameiacha wazi. Akatoa tepu ya kupimia shingoni kwake, akamnyooshea.

"Nipime. Useme kwa sauti, kama mteja."

Dada aliinuka, akapangusa uso kwa mkono wa blauzi. Akamzungushia tepu kiunoni, akaivuta mpaka ikakaa, si kwa kubana, si kwa kulegea, akainama kusoma. Akafungua mdomo kuitaja namba, sauti ikamkatikia njiani. Bonge akasubiri. Dada akasafisha koo, akaisoma tena, yote, kama ilivyokuwa.